Unataka kusomea pomboo na nyangumi? Hivi ndo unavyopanga kozi zako za ikolojia na fiziolojia

Kila msimu wa udahili kuna swali huwa linarudi, "jamani hapa Bongo chuo gani kinatoa digrii ya nyangumi na pomboo?" Jibu fupi ni kwamba usiitafute, na wala sio tatizo. Digrii ya kwanza yenye mamalia wa baharini kwenye jina lake ni adimu hata huko Ulaya na Marekani, wengi wanaofanya hizo kazi walisoma zuolojia au baiolojia ya kawaida alafu nyangumi wakaja baadae kwenye masters. Kwahiyo acha kutafuta jina la digrii. Tafuta kozi tatu zilizosimama vizuri ndani ya digrii yoyote ya viumbe: ikolojia, fiziolojia ya wanyama na takwimu. Ukishazipata unazigeuza wewe mwenyewe ziwe kozi za mamalia wa baharini, kila zoezi, kila semina, kila ripoti unaichagulia mnyama wa baharini, na hakuna lekchara atakayekukatalia hilo.

Kuhusu chuo nitaenda haraka. Tanzania bara UDSM ndo pa kuanzia, kuna zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, kuna upande wa sayansi za majini na uvuvi, na chuo hichohicho ndo kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, ambayo watu wake wamefanya kazi nyingi za pomboo wa Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja. SUA Morogoro ipo mbali na maji chumvi ila kuna wanyamapori na kuna madaktari wa mifugo, na ukitaka fiziolojia na anatomia ya kueleweka kukaa karibu na watu wa mifugo sio hasara. Kenya, Pwani University ya Kilifi wana digrii ya baiolojia ya bahari na uvuvi, na Technical University of Mombasa wana usimamizi wa rasilimali za bahari. Kwa Tanzania ukitoka PCB au CBG uko pazuri, ila vigezo soma kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoomba, sio skrinshoti ya mwaka juzi inayozunguka WhatsApp. Wakenya nyie angalieni KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni.

Kitu cha kuangalia kabla hujabofya chaguo la kwanza ni orodha ya kozi kwenye prospektasi. Angalia fiziolojia ina saa za maabara au ni kukaa kusikiliza tu. Angalia ikolojia ina fildi. Angalia takwimu ipo kama kozi inayojitegemea au imefichwa ndani ya mbinu za utafiti. Digrii yenye jina tamu la bahari lakini takwimu haina itakusumbua mbele ya safari kuliko zuolojia kavu ambayo mwaka wa pili wanakukalisha na programu ya takwimu ya R mpaka unalia.

Mwaka wa kwanza tulia, soma kemia, seli, wanyama wasio na uti wa mgongo, hata kama moyo wako uko kwa nyangumi. Kuna watu wanaona minyoo na konokono ni kupotezewa muda alafu wanakula sapu kwenye kozi nyepesi, bumu lenyewe halitoshi unaanza kusomea mtihani wa marudio likizo wakati wenzio wako fildi. Na jifunze kuogelea. Sisemi utani, wapo watu wa digrii za bahari wanaohitimu hawajui kuogelea, na siku ya kwenda Mafia kwa boti wamekumbatia boya la kuokolea kama mtoto kwa mama yake.

FIZIOLOJIA

Hii ndo inayoangusha watu, na sababu ni moja, watu wanasoma madesa. Desa la fiziolojia linakuambia moyo una vyumba vinne, figo ina nefroni, mapafu yanabadilishana gesi, unakariri, unaenda kwenye UE, mtihani wa mwisho, unakutana na swali la "eleza kwa nini" unabaki kumeza mate. Dawa yake ni kila mada ukiisoma uiulize swali moja: je, huyu mnyama akizuia pumzi saa nzima, hiki kitu kinafanyaje kazi?

Chukua upumuaji. Wewe ukikaa umetulia, pumzi moja inabadilisha kama asilimia 10 hadi 15 ya hewa iliyo kwenye mapafu. Pomboo anabadilisha asilimia 75 mpaka 90 kwa pumzi moja, ile "pffff" unayoisikia kabla hujamuona. Hapo ungedhani siri yao ni kubeba hewa nyingi kwenye mapafu. Hapana. Sili wa Weddell, mamalia wa baharini wa kule Antaktika, anatoa hewa kwanza ndo anazama, na mapafu ya wazamiaji wakubwa yanajikunja wakifika chini ili naitrojeni isisukumwe kuingia kwenye damu. Oksijeni inayowabeba iko kwenye damu na kwenye misuli, imeshikwa na hemoglobini na mayoglobini. Ndo maana nyama ya nyangumi ni nyeusi tii, ile rangi ni mayoglobini. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na timu ya Liverpool walionyesha kwamba mayoglobini ya wanyama wanaozama ina chaji nyingi za umeme kwenye uso wake, molekuli zinasukumana, kwahiyo zinajazana kwenye msuli bila kugandana. Ukiliandika hilo kwenye jibu la protini na muundo wake lekchara anajua huyu hakusoma desa.

Sasa moyo. Mwaka 2019 timu ya Stanford ilitoa matokeo ya kifaa walichombandika nyangumi wa bluu kule Monterey, California. Alipozama moyo ulishuka mpaka mapigo 2 kwa dakika, aliporudi juu ukapanda mpaka kama 37. Mapigo mawili! Na wakati huohuo mishipa ya damu ya pembeni inabanwa, damu inaachiwa ubongo na moyo, misuli inajitegemea kwa akiba yake. Hii picha nzima, kushuka kwa mapigo na kubana kwa mishipa, ilishawekwa wazi na Per Scholander kwenye kazi yake ya 1940, kwahiyo usidhani ni mambo mapya, kilichobadilika ni vifaa.

Jaribio la hii kitu mnaweza kufanya hostel, mnahitaji beseni, maji, vile vifuko vya barafu vya dukani, na saa. Muwe angalau wawili, na mwenye shida ya moyo au pumu asifanye, ahesabu tu. Kaa dakika tano kimya, mwenzio akushike mkono ahesabu mapigo kwa sekunde 15 azidishe kwa nne. Alafu zuia pumzi sekunde 30 hewani tu, uso mkavu, ahesabu tena sekunde 15 za mwisho. Pumzika mpaka mapigo yarudi pale yalipokuwa. Alafu zuia pumzi sekunde 30 uso ukiwa ndani ya maji ya baridi, paji la uso na macho viingie vizuri, ahesabu sekunde 15 za mwisho. Kushuka kwa asilimia 10 mpaka 25 ni kawaida kwa binadamu. Ile hatua ya katikati, ya kuzuia pumzi hewani, ndo watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote, maana bila hiyo hujui kilichoshusha mapigo ni kuzuia pumzi au ni maji ya baridi usoni. Fanyeni darasa zima, rekodini kila mtu, jinsia, anayefanya mazoezi na asiyefanya, mna data ya kozi ya takwimu tayari.

Alafu kuna hesabu za muda wa kuzama, ambazo watu wanaziogopa bure. Gerald Kooyman na wenzake walivyofanya kazi na sili wa Weddell walionyesha kuna kikomo, akizama chini ya muda fulani, kama dakika 20 kwa sili mkubwa, anarudi hana asidi ya laktiki ya ziada, akipitisha hapo inaanza kupanda na akitoka anahitaji muda mrefu wa kupumzika. Hesabu yake ni kugawanya tu. Tuseme mnyama ana akiba ya oksijeni mililita 40 kwa kila kilo ya mwili na anatumia mililita 8 kwa kilo kwa dakika akiwa anaogelea, 40 gawanya kwa 8 ni dakika 5. Hizo ni namba za zoezi, ila ona kinachotokea akiongeza mwendo matumizi yakafika 16, muda unabaki dakika mbili na nusu. Hapo hapo unaelewa kwa nini boti ya watalii kumfukuza pomboo sio "kucheza nae". Kwa mnyama aliyevuka mipaka yote kuna nyangumi wa Cuvier, amerekodiwa kufika mita 2,992 chini, na mwingine amerekodiwa kukaa chini saa 3 na dakika 42. Ukipewa uwasilishaji wa dakika kumi darasani chukua huyo, maswali yatakuja yenyewe.

Joto ni mada ambayo sisi watu wa pwani tunaisoma vibaya kwa sababu vitabu vinatoa mifano ya barafu tu. Maji yanachukua joto la mwili kama mara 25 haraka kuliko hewa, hata bahari yetu ya nyuzi 27 inakunyonya taratibu. Lakini pomboo wa Zanzibar ana tatizo la pili, akikimbia sana lazima autoe moto, na tabaka la mafuta limemfunga. Anautoa kwenye mapezi na mkia, ambako hakuna mafuta ya kuzuia, na mishipa ya kwenda imezungukwa na mishipa ya kurudi kwahiyo anaweza kuchagua kubakiza joto au kuliachia. Na dume makende yake yako ndani ya mwili, katikati ya misuli inayochemka, sasa mbegu zinapona vipi? Damu iliyopoa kutoka pezi la mgongoni na mkiani inapitishwa palepale kuyapoza. Darasa zima litacheka, na darasa zima litakumbuka siku ya mtihani.

Umetaboli, yaani mwili unavyotumia nishati, usiusome bila kalkuleta. Max Kleiber, 1932, ndo alipoanzisha ile hesabu ya uzito kwa kipeo cha 0.75, na kwa mamalia mnyama aliyetulia anatumia takriban kilokalori 70 mara uzito kwa kilo kwa kipeo cha 0.75 kwa siku. Pomboo wa kilo 150: 150 kwa kipeo cha 0.75 ni kama 43, mara 70 ni kama kilokalori 3,000. Tembo wa kilo 4,000: kama 503, mara 70, unapata kama 35,000. Sasa gawanya kwa kilo, pomboo 20 kwa kilo, tembo chini ya 9. Hiyo ni ya kutulia tu bila kufanya chochote, mnyama wa porini unazidisha mara mbili tatu. Ukichukua samaki wana kilokalori kama 1 hadi 1.5 kwa gramu unaweza kukadiria kundi la pomboo mia linakula kiasi gani pale Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, kwa siku, na hapo umeshatoka kwenye fiziolojia umeingia kwenye ikolojia na kwenye ugomvi wa wavuvi wanaosema pomboo wanamaliza samaki. Fanya hiyo hesabu kabla ya kubishana nao.

Figo na chumvi soma kwa kulinganisha, chora nefroni ya ngamia na ya pomboo kwenye karatasi moja, Knut Schmidt-Nielsen wa ngamia atakufaa hapa. Wote wawili wanaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji kwa njia tofauti, pomboo maji yake mengi yanatoka kwa samaki anaowala na kwenye kuunguza mafuta.

IKOLOJIA

Huku mtego ni mwingine, watu wanaona rahisi. Misururu ya chakula, piramidi, tulishasoma fom tuu. Alafu inakuja ikolojia ya idadi ya wanyama na herufi za hesabu na watu wanaanza kukimbilia kozi za kuchagua zisizo na namba. Usikimbie, hiyo ndo kozi yenyewe.

Anza na nguva, kwa sababu nguva anakufundisha kila kitu kwa mnyama mmoja. Anakula nyasi bahari, ni ndugu wa karibu zaidi wa tembo kuliko wa pomboo, jike anabeba mimba kama miezi 13 au 14, anazaa mtoto mmoja, na anakaa miaka mitatu mpaka saba kabla ya kuzaa mwingine. Ukiyaweka yote kwenye hesabu unakuta hata mazingira yakiwa mazuri kabisa idadi yao haiwezi kukua zaidi ya kama asilimia 5 kwa mwaka. Fikiria una nguva 100 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, namba ya zoezi hiyo. Wakinasa watano tu kwenye nyavu kwa mwaka zaidi ya vifo vya kawaida, ongezeko limeisha. Watano. Mvuvi mmoja anaweza kusema kwa ukweli wa Mungu "mimi nimemnasa mmoja tu maisha yangu yote" na bado wavuvi wote kwa pamoja wakammaliza. Andika hiyo kwenye eksel, safu ya mwaka, safu ya idadi, badilisha namba ya vifo uone mstari unavyopinda, jioni moja inatosha na utaelewa kuliko semina nzima.

Kuhesabu pomboo sasa. Kuna njia mbili utakutana nazo. Moja ni transekti, boti inapita mistari iliyopangwa, unarekodi kila kundi na umbali wake kutoka kwenye mstari, programu ya Distance ya watu wa chuo cha St Andrews kule Uskochi inakusaidia kukadiria uliowakosa. Shida ni kwamba pomboo aliye chini ya maji hayupo kwa macho yako, kwahiyo lazima ujue anatumia muda gani juu na muda gani chini, na hiyo umeitoa wapi? Kwenye fiziolojia ya kuzama. Ndo maana nasema hizi kozi zisomwe kwa pamoja.

Njia ya pili ni picha za mapezi. Pezi la mgongoni la pomboo lina michubuko na mikato kwenye ukingo wa nyuma, kila mmoja na yake. Tuseme msimu wa kwanza umewatambua 40. Msimu wa pili umewapiga picha 35, na kati ya hao 14 ni walewale wa mwanzo. 40 mara 35 gawanya kwa 14 ni 100, hayo ndo makadirio yako ya walio na alama. Ukiweka marekebisho ya Chapman, yanayopunguza kosa namba zikiwa ndogo, unapata kama 97. Alafu unakumbuka kuna pomboo wenye mapezi masafi wasio na alama, unahesabu sehemu yao kwenye picha unarekebisha tena. Kwa njia za namna hii ndo walikadiriwa pomboo wa kusini mwa Unguja kati ya 1999 na 2002, wale wa mdomo chupa walipatikana kati ya 136 na 179 na wale wa nundu kati ya 58 na 65. Angalia hizo namba za wenye nundu alafu jiulize nyavu za jarife, zile za macho makubwa, zinaweza kuchukua wangapi kwa mwaka kabla mambo hayajaharibika. Kizimkazi yenyewe mpaka miaka ya 1990 pomboo walikuwa wanawindwa ili wawe chambo cha kuvulia papa, utalii ndo ukabadilisha hesabu, na utalii nao ukaja na yake: utafiti uliotoka 2010 ulionyesha boti za watalii zikiwepo pomboo wanapumzika kidogo na kuchangamana kidogo, wanakuwa watu wa safari tu. Hapo una mada ya semina yenye pande tatu, mvuvi, mwenye boti, na mnyama, na hakuna mjinga hata mmoja kati yao.

FILDI

Kamera yoyote yenye lenzi ya milimita 300 inatosha. Jua liwe mgongoni kwako, boti iende sambamba na kundi kwa mwendo uleule, usikate mbele yao. Piga pezi likiwa ubavu kabisa, picha ya pezi lililokaa mshazari ni ya kuposti insta, haikusaidii kulinganisha. Piga kila mnyama aliye karibu bila kuchagua, ukipiga wale wenye mikato mizuri tu umeshaharibu hesabu yote. Ukimaliza kundi piga picha ya karatasi ya rekodi, hiyo ndo mpaka kati ya kundi na kundi, la sivyo usiku unakaa na picha mia nne hujui nani alikuwa na nani. Karatasi iwe na saa, GPS, hali ya bahari kwa kipimo cha Beaufort, ukubwa wa kundi kwa makadirio ya chini, ya juu na ya kati, watoto, wanafanya nini, boti ngapi zipo. Beaufort ikivuka 3 rudi nyumbani, mapovu ya mawimbi yote yanafanana na mapezi. Tumia penseli, peni inakimbia na chumvi.

Upepo uujue kabla ya kuandika ratiba kwenye proposo. Nyangumi wa nundu wanapanda kutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto kuanzia kama Julai mpaka Oktoba hivi, na Julai na Agosti ndo kusi kali. Kwahiyo yule anayeandika "nitatoka kila siku mwezi Agosti kuhesabu nyangumi" nahodha anamwangalia tu. Weka siku za akiba, toka alfajiri, na malipo ya boti elewaneni kabisa siku isiyotokeka inahesabiwaje. Kaa na nahodha, muulize wanaonekana wapi maji ya bamvua (yanapojaa na kupwa sana) na wapi maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), majibu yake yaandike kama data. Wakenya mna bahati Watamu na Kisite-Mpunguti, kuna watu wanarekodi pomboo na nyangumi kwa miaka, omba kujitolea.

Vibali ni mapema sana. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza kawaida anapita kwa barua ya chuo na supavaiza wake, ila ukiingia hifadhi ya bahari au ukitaka kuchukua sampuli ni habari nyingine, COSTECH (tume ya sayansi) kwa bara, Zanzibar ina utaratibu wake, Kenya NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Ukikosa muda wa kungoja kibali chagua mradi wa data iliyopo tayari: OBIS-SEAMAP ya Duke ina rekodi za kuonekana kwa wanyama hawa dunia nzima, Happywhale inalinganisha picha za mikia ya nyangumi. Supavaiza asiye mtu wa nyangumi sio tatizo kabisa, mtu wa samaki au wa ndege anayejua takwimu ni bora mara mia kuliko mpenda pomboo asiyejua.

Na siku ukikuta pomboo au nyangumi amekwama ufukweni: akiwa hai usimvute mkia, mweke kivuli, kitambaa chenye maji mwilini, tundu la kupumulia liachwe wazi lisimwagiwe maji wala mchanga, watu na mbwa wakae mbali, mpigie afisa uvuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya hapo. Akiwa amekufa vaa glavu na barakoa, usimguse mikono mitupu na mwambie watu wasile. Piga picha ubavu mzima, kichwa, meno, pezi, mkia, na kitu cha kupimia pembeni. Urefu unapimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya taya la juu mpaka pale mkia unapogawanyika, tepu isifuate mgongo. Angalia alama za nyavu kwenye mapezi na mdomoni. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo kama 400 walikufa kule Nungwi kwa mpigo, walipopasuliwa matumbo yalikuwa matupu, na sababu mpaka leo watu wanabishana. Siku kama ile kila aliyejua kupima na kuandika alikuwa na thamani kuliko mwenye digrii tatu aliyekuwa mjini.

BAADA YA HAPO

Masters ndo sehemu ya kuingia kwenye mamalia wa baharini kwa jina. St Andrews wana masters ya sayansi ya mamalia wa baharini kabisa. IMBRSea ya Ulaya inayoratibiwa na Ghent ni ya rasilimali hai za bahari, na kuna ufadhili. Chuo cha Pretoria Afrika Kusini kina kitengo cha nyangumi. Pesa: Commonwealth, DAAD, Erasmus Mundus, na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu chenye makao Zanzibar, ina misaada midogo ya utafiti kwa ukanda wetu na kongamano lake ambalo wanafunzi wanawasilisha, nenda hata na bango. Wakati unasubiri, Duke waliwahi kuweka Coursera kozi ya wanyama wakubwa wa baharini, kagua kama bado ipo, imetulia sana kwa mtu wa mwaka wa pili. Makala za kulipia ingia kwa kompyuta za maktaba ya chuo, vyuo vyetu vingi viko kwenye Research4Life na wanafunzi wengi hata hawajui.

Ajira, tuongee ukweli, nafasi yenye jina la mtaalamu wa nyangumi usiitegemee. Zilizopo ni afisa uvuvi, hifadhi za bahari, taasisi za utafiti wa uvuvi (TAFIRI, ZAFIRI, KMFRI), KWS, mashirika ya uhifadhi, na tathmini za mazingira. Kuna moja watu hawaijui, waangalizi wa mamalia wa baharini kwenye meli za kutafuta gesi, kazi yao ni kukaa juu na darubini na kusimamisha mitetemo nyangumi akisogea, na cheti kinachotambulika sana ni cha mafunzo yaliyoidhinishwa na JNCC, chombo cha uhifadhi cha serikali ya Uingereza. Mafunzo ni ya siku chache ila ni ya kulipia, kwahiyo kabla hujatoa hela yako uliza kwanza kampuni za tathmini za mazingira wanataka cheti kipi na saa ngapi za baharini, maana cheti peke yake bila saa za baharini wanakiweka pembeni.